Hataza na Mvumbuzi wa Pili

Imo katika sheria za karibu mataifa yote ya ulimwengu hati iitwayo hataza, ambayo kwayo mtu aliyevumbua chombo, au dawa, au njia mpya ya kutengeneza kitu, hupewa na serikali haki ya pekee ya kukitengeneza na kukiuza kwa muda maalumu, na mwingine asipate kukifanyia tijara ila kwa idhini yake. Wanaoisifu hati hiyo hunena kwamba bila ya hifadhi yake watu wenye akili nyingi wangeacha kuvumbua, kwani ni nani atakayetumia mali yake na umri wake kutafuta jambo ambalo jirani, asiyetoa hata senti moja, ataliiga siku litakapoonekana sokoni? Wanaoilaumu hujibu kwamba hapana uvumbuzi uliozuka peke yake bila ya kuegemea uvumbuzi uliotangulia, na kwamba kumpa mtu mmoja mamlaka juu ya hatua moja ya maarifa ni kuwazuia wenzake wasiende hatua ya pili. Mabishano haya yana umri wa karne kadhaa, na wanazuoni wa uchumi wangali wakiyaendeleza.

Anayeisoma historia ya hataza kwa utulivu huona kuwa kila upande una ushahidi wa kweli mkononi, na kwamba swali la kama hataza husaidia au hudhuru halijibiki kwa neno moja. Lipo swali jingine lenye manufaa zaidi, nalo ni hili: mvumbuzi wa kwanza akisha kupewa haki yake, mvumbuzi wa pili, yule ajaye na marekebisho yaliyo bora, ameachiwa nafasi gani? Hataza imwachiayo nafasi huustawisha ujuzi, na imfungiayo njia huudumaza, hata ikiwa hati zote mbili zimeandikwa kwa wino mmoja na kupigwa muhuri mmoja.

Mapatano baina ya mtu na umma

Jamhuri ya Venisi, mji wa wafanya biashara na mafundi wa vioo, ilitunga mwaka 1474 sheria ya kumlinda kwa miaka 10 mtu aletaye mjini chombo kipya chenye akili. Uingereza ilifika huko kwa njia ya ugomvi. Wafalme wake walikuwa na desturi ya kuwagawia wapenzi wao ukiritimba wa bidhaa za kila siku, hata karata za kuchezea zikawa na bwana mmoja tu aliyeruhusiwa kuziuza, mpaka Bunge likachoka na dhuluma hiyo na mwaka 1624 likapitisha sheria ya kuufuta ukiritimba wote, isipokuwa ule wa mtu aliyeleta kiwanda kipya katika nchi, ambaye aliruhusiwa kuwa na haki ya pekee kwa miaka 14. Muda huo ulilingana na mikupuo miwili ya wanagenzi, kwa kuwa mwanagenzi wa siku zile alikaa kwa fundi wake miaka saba.

Kiini cha sheria hizo ni mapatano. Umma humpa mvumbuzi haki ya pekee, na mvumbuzi kwa upande wake huueleza umma siri ya chombo chake kwa maandishi na michoro, kwa uwazi wa kumwezesha fundi mwingine wa kazi hiyo kukitengeneza; na muda ukiisha, ujuzi huo huwa mali ya watu wote. Thamani ya sharti hili la kufunua siri hutambulika zaidi mtu akiangalia mahali ambapo siri ilifichwa. Karne ya 16 ukoo wa Chamberlen ulihama Ufaransa kwenda Uingereza kwa kukimbia mateso ya dini, na katika ukoo huo akatokea mganga aliyebuni koleo la chuma la kumtoa mtoto aliyekwama katika uzazi. Wakalifanya koleo hilo kuwa siri ya nyumba yao. Inasimuliwa kwamba lilichukuliwa chumbani ndani ya sanduku kubwa lililonakshiwa, jamaa wakatolewa nje na mzazi mwenyewe akafungwa kitambaa machoni, ili asiwepo wa kuona kilichomo. Siri ikarithiwa kwa zaidi ya miaka 100, ikiwapa utajiri wenyewe, ilhali mama na watoto waliokuwa mbali nao wakifa kwa kukosa kifaa ambacho mhunzi yeyote hodari angeweza kukifua. Na mwaka 1813 makoleo yao yakakutwa chini ya sakafu ya nyumba moja katika jimbo la Essex. Mwenye kusema kwamba hataza haina faida yoyote hana budi kulikumbuka sanduku lile, maana asiyelindwa hujilinda mwenyewe, na ulinzi wa siri hauna tarehe ya kwisha.

James Watt, wa kwanza na wa pili

Kisa kinachotajwa na pande zote mbili za mabishano, kila mmoja kwa makusudi yake, ni cha James Watt, mzaliwa wa Greenock katika Uskoti, aliyekuwa fundi wa vyombo vya elimu katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Katika majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 aliletewa mfano mdogo wa mtambo wa mvuke wa Thomas Newcomen autengeneze. Mitambo ya namna hiyo ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, na aibu yake kubwa ilikuwa ulafi wa makaa: silinda ilijazwa mvuke, kisha ikarushiwa maji ya baridi ndani yake ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke, kisha ikajazwa mvuke tena, hata sehemu kubwa ya moto ikaishia katika kukipasha chuma kilichokwisha kupozwa punde tu. Mwaka 1765 Watt alipata fikira ya kuutoa mvuke na kuupoza katika chombo cha kando, silinda yenyewe ibaki ya moto wakati wote.

Fikira ilikuja kwa siku moja, lakini mtambo ulichukua zaidi ya miaka 10. Hataza aliipata Januari 1769. Mfadhili wake wa kwanza, John Roebuck, alifilisika mwaka 1773. Na sehemu ya Roebuck ikachukuliwa na Matthew Boulton, tajiri wa viwanda wa Birmingham, ambaye alipohesabu akaona kwamba karibu nusu ya miaka 14 imekwisha kupita na hapana mtambo hata mmoja uliouzwa. Wakaliomba Bunge, nalo mwaka 1775 likawaongezea muda hadi mwaka 1800, na mwaka uliofuata mitambo yao ya kwanza ikaanza kazi. Hapa watetezi wa hataza wana haki ya kusimama na kusema, kwa sababu ni vigumu kudhani kwamba mfanya biashara mwenye hesabu kali kama Boulton angemimina mali yake katika jaribio la miaka mingi kama asingekuwa na hakika ya kufaidi peke yake kwa muda wa kutosha.

Baada ya hapo kisa kinageuka. Watt alipotaka mtambo wake uzungushe magurudumu ya viwandani, badala ya kupanda na kushuka kwa ajili ya pampu tu, alihitaji mkono wa kombo wa kugeuza mwendo wa kupanda na kushuka uwe wa kuzunguka, kifaa kilichojulikana zamani katika magurudumu ya kusokotea nyuzi. Akakuta kwamba James Pickard wa Birmingham ameisha kukitwalia hataza mwaka 1780 kwa matumizi ya mtambo wa mvuke. Pickard na wenzake wakataka wabadilishane haki, wao watumie chombo cha kupozea na Watt atumie kombo. Watt akakataa, akakaa chini kubuni njia ya kuzunguka, na mwaka 1781 akaleta mpangilio wa magurudumu mawili ya meno, moja likilizunguka jingine mfano wa sayari na jua. Ulifanya kazi vizuri na watu wakaustaajabia, walakini akili nyingi ya mtu mwenye akili nyingi ilikuwa imetumika kuikwepa karatasi, na muda wa kombo ulipomalizika mwaka 1794 kifaa kile sahili kikawa huru kwa kila mtengeneza mitambo.

Yeye naye aliwafanyia wengine kama alivyofanyiwa. Jonathan Hornblower, fundi wa Cornwall, alipata hataza mwaka 1781 kwa mtambo wa silinda mbili, ambamo mvuke uliofanya kazi katika silinda ya kwanza ulipelekwa kufanya kazi tena katika ya pili kabla ya kupozwa, nayo ilikuwa fikira yenye heri nyingi iliyokuja kutumika karne nzima iliyofuata melini na viwandani. Lakini mtambo wake haukuweza kwenda bila ya kupoza mvuke nje ya silinda, na hilo lilikuwa milki ya Watt. Boulton na Watt walimpinga Bungeni alipoomba kuongezewa muda mwaka 1792, akashindwa. Na mwaka 1799 mahakama ikahukumu kwa upande wao. Chanzo cha taabu kilikuwa upana wa hataza yenyewe, kwani Watt alikuwa ameandika kanuni ya jumla ya kupunguza mvuke na makaa bila ya kueleza umbo la mtambo mmoja hasa. Na majaji wanne walioitazama hoja hiyo mwaka 1795 katika daawa ya kampuni yake dhidi ya Edward Bull waligawanyika wawili kwa wawili.

Wenye migodi ya shaba na bati wa Cornwall, nchi isiyo na makaa yake yenyewe, iliyolazimika kuyaleta kwa meli kutoka Wales, waliilipa kampuni ya Boulton na Watt thuluthi ya thamani ya makaa waliyookoa kila mwaka, na kadiri miaka ilivyosonga shukrani yao ikageuka chuki. Mwaka 1800 hataza ilipokwisha, mafundi wa huko walifanya jambo la ajabu. Tangu 1811 Joel Lean, msimamizi wa migodi, akaanza kuchapisha kila mwezi taarifa ya mitambo ya Cornwall, akitaja kila mmoja kwa jina, ukubwa wa silinda yake, na uzito wa maji ulioyainua kwa kila kipimo cha makaa. Hivyo fundi wa mgodi mmoja aliweza kuona ni kwa nini wa mgodi wa pili amemshinda, akamwiga, kisha akamzidi. Richard Trevithick, aliyetumia mvuke wa nguvu kubwa ambao Watt aliuogopa siku zote, alisimamisha mtambo wake wa 1812 bila ya kuukatia hataza. Ilipofika katikati ya miaka ya 1830, mtambo bora wa Cornwall ulifanya kazi zaidi ya mara tatu ya ile ya mitambo bora ya mwisho wa enzi ya Watt kwa kiasi kile kile cha makaa, na maendeleo hayo yaliletwa na mafundi wengi, kila mmoja akiongeza kidogo juu ya kidogo cha mwenziwe.

Wenye hataza walipopatana

Si kila mara mambo huisha kwa muda kumalizika. Mtu akimtazama fundi cherehani aliyeketi kibarazani katika mtaa wowote wa Unguja au Mombasa, ataona sindano yenye tundu karibu na ncha badala ya kuwa kichwani, uzi wa chini unaotoka katika bobini na kufungana na wa juu, mguu wa chuma unaokandamiza kitambaa, na meno madogo chini yake yanayokisukuma mbele kila sindano inapopanda. Leo vitu hivyo ni chombo kimoja, lakini katika miaka ya 1850 huko Marekani vilikuwa na mabwana mbalimbali. Elias Howe alikuwa na hataza ya 1846 juu ya sindano ile na namna ya kufunga nyuzi mbili. Isaac Singer alikuwa na zake tangu 1851. Kampuni ya Wheeler na Wilson ilimiliki meno ya kusukuma kitambaa. Na kampuni ya Grover na Baker nayo ilikuwa na yake. Kila mmoja aliweza kumzuia mwenziwe, na hapana aliyeweza kutengeneza cherehani njema kwa haki zake peke yake. Howe alimshitaki Singer, ambaye mwaka 1854 alimlipa dola 15,000, na daawa nyingine zikafuatana.

Mwaka 1856 walikutana Albany, katika jimbo la New York, tayari kwa kesi, na mmoja wa viongozi wa Grover na Baker, aliyekuwa mwanasheria, akawaonyesha kwamba wakiendelea hivyo mali yao yote itaishia kwa mawakili. Wakaziweka hataza zao katika mfuko mmoja, wakawa huru kutumia za wenzao, na mtengenezaji mwingine yeyote akaruhusiwa kwa kulipa dola 15 kwa kila cherehani. Biashara ikafunguka na viwanda vikaenea, ingawa wanunuzi ndio waliobeba mzigo wa ada ile hadi mfuko ulipovunjika mwaka 1877 kwa kwisha hataza ya mwisho. Funzo lililobaki ni kwamba pale kitu kimoja kinapojengwa kwa vipande vingi vyenye wenyewe mbalimbali, wingi wa haki za kuzuia waweza kukiua kitu hicho, na dawa ni wenyewe kukubali, au kulazimishwa, kuruhusiana kwa malipo ya insafu. Serikali ya Marekani ililazimika kuhimiza mapatano ya aina hiyo hiyo kwa watengeneza ndege mwaka 1917, baada ya miaka mingi ya kesi za ndugu Wright.

Nchi zilizoishi bila ya hataza

Zipo pia nchi zilizojaribu kwenda bila ya hati hizi kabisa. Uholanzi ilifuta sheria yake ya hataza mwaka 1869 na haikuwa na nyingine hadi 1912, na katika muda huo Gerard Philips na baba yake walianzisha huko Eindhoven mwaka 1891 kiwanda cha taa za umeme bila ya hofu ya kushitakiwa nyumbani kwa kuiga maarifa ya Marekani. Na familia ya Jurgens ya mji wa Oss ikaichukua siagi ya bandia iliyovumbuliwa na Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès, ikaifanya biashara kubwa ambayo baadaye ikawa moja ya mizizi ya Unilever, na kwa hiyo ya makopo ya Blue Band yaliyozoeleka majikoni mwetu. Uswisi haikuwa na sheria ya kudumu ya hataza hadi 1888, na viwanda vya kemikali vya Basel vilikua kwa kutengeneza rangi zilizogunduliwa nchi nyingine.

Ushahidi huu wahitaji kupimwa kwa uangalifu, maana nchi hizo ziliiga vitu ambavyo wengine walikuwa wamegharimia utafiti wake chini ya hataza zao. Petra Moser, mwanahistoria wa uchumi aliyechunguza orodha za vitu vilivyoonyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, alikuta kwamba katika vitu vya Waingereza vilivyokuwapo ni takriban 11 tu katika kila 100 vilivyokuwa na hataza, ishara ya kwamba sehemu kubwa ya uvumbuzi haikuitegemea, na kwamba wavumbuzi wa nchi zisizo na hataza walikimbilia zaidi kazi ambazo siri yake yaweza kufichwa, kama vyombo vya kupimia vya kisayansi. Kwa maneno mengine, kukosekana kwa hataza hakukuua uvumbuzi, ila kuliugeuza uelekee mahali ambapo mwigaji hawezi kuingia kwa urahisi.

Kidonge kimoja chenye mabwana watatu

Penye dawa ndipo mabishano haya yanapogusa uhai. Kugundua dawa na kuthibitisha kwa majaribio marefu kwamba haina madhara hugharimu mali nyingi mno, na kuiga kidonge kilichokwisha kupatikana ni kazi ya mkemia hodari na maabara ya kiasi. Kwa hiyo hapana biashara ambayo hataza yaweza kutetewa kwa nguvu zaidi. Hata hivyo mambo mengi hutegemea nia ya mwenye kuishika. Wavumbuzi wa insulini wa Toronto walikata hataza yao na kuiuza mwaka 1923 kwa chuo kikuu cha mji wao, kila mmoja kwa dola moja tu, kwa makusudi ya kuhakikisha kwamba hapatatokea tajiri wa kuihodhi dawa hiyo na kwamba itengenezwayo itakuwa safi.

Ukimwi ulileta mtihani mgumu zaidi. Kuanzia 1996 ilijulikana kwamba dawa tatu zikitumiwa pamoja hukifubaza kirusi na kumrudishia mgonjwa nguvu zake, lakini gharama yake kwa mwaka mmoja ilizidi dola 10,000, ilhali wagonjwa wengi wa dunia walikuwa Afrika. Afrika Kusini ilipotunga mwaka 1997 sheria ya kurahisisha upatikanaji wa dawa, makampuni 39 yakaishitaki serikali hiyo. Kesi ilipofikia kusikilizwa mwaka 2001, lawama za walimwengu zikawa nzito, na mwezi Aprili mwaka huo makampuni yakaiondoa daawa yao.

Wakati huo huo jibu lilikuwa limekwisha kutoka India. Sheria ya hataza ya nchi hiyo ya mwaka 1970 ilikubali hataza ya njia ya kutengenezea dawa, ikakataa hataza ya dawa yenyewe, hivyo kampuni ya Cipla ya Mumbai, chini ya Yusuf Hamied, ilikuwa huru kutengeneza dawa zote tatu kwa njia zake yenyewe. Februari 2001 ikajitolea kuuza matibabu hayo kwa dola 350 kwa mwaka kwa kila mgonjwa kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Watu waliisifu bei, na walistahili. Lakini kwa mwenye kutafakari habari ya uvumbuzi kuna jambo kubwa kuliko bei. Stavudine, lamivudine na nevirapine zilikuwa mikononi mwa makampuni matatu tofauti ya Magharibi, na mahali hataza zao zilipokuwa na nguvu mgonjwa alipaswa kumeza vidonge vya kila kampuni mbalimbali, kwa kuwa hapana mtu mmoja aliyekuwa na idhini ya kuvichanganya. Cipla ilivichanganya ikapata kidonge kimoja cha kumezwa mara mbili kwa siku, jambo jepesi kwa mgonjwa kukumbuka na kwa zahanati ya kijijini kugawa. Marekebisho hayo ya mvumbuzi wa pili, yenye faida kubwa kama yalivyokuwa, yaliwezekana tu pale ambapo hataza haikufika.

Mwaka huo huo Kenya ilitunga Sheria ya Mali ya Viwanda iliyoruhusu dawa halali za bei nafuu kununuliwa kutoka nchi nyingine, na mwezi Novemba nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, zilipokutana Doha, zikatamka kwamba mkataba wao wa hataza usizuie taifa kulinda afya ya watu wake. Haki ya kwenye karatasi hata hivyo ina mwendo wake. Rwanda ilitoa taarifa Julai 2007 kwamba itanunua dawa za Ukimwi zilizochanganywa kutoka kampuni ya Apotex ya Kanada, ambayo ilipaswa kupata idhini maalumu juu ya hataza za wengine. Shehena ya kwanza iliondoka Septemba 2008, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na watengenezaji wengine, walipoona usumbufu ule, hawakuwa na hamu ya kufuata.

Jiko lisilo na mwenyewe

Nyumbani kwetu upo mfano wa uvumbuzi ulioenea bila ya hataza hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua fikira ya jiko la ndoo la Tailandi, wakaligeuza liwe jiko la bati lenye kiuno chembamba, likiwa na bakuli la udongo wa kuchoma sehemu ya juu, lenye matundu ya kupitisha majivu na hewa. Udongo huo huzuia joto lisipotee ubavuni, na mkaa ukapungua kwa thuluthi au zaidi. Gharama za mwanzo zililipwa na mashirika ya maendeleo, na mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakafunzwa, kisha wakafunzana wenyewe bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Jiko lililouzwa mwanzoni kwa kiasi cha dola 15 likashuka hadi dola chache, likavuka mipaka likaingia Tanzania, Uganda na Rwanda, na kila mji ukalirekebisha kwa udongo wake na sufuria zake.

Uhuru huo ulikuwa na ila yake, kwa kuwa walitokea waliofinyanga mabakuli ya udongo usiofaa, yakapasuka baada ya majuma machache, na mnunuzi hakuwa na njia ya kulitambua jiko jema kwa kuliangalia. Lakini dawa ya ila hiyo ni alama ya ubora na ukaguzi wa viwango. Hataza isingeiponya, ingepunguza tu idadi ya mafundi. Mtu akililinganisha jiko na dawa ataona mpaka wenyewe ulipo: palipo na utafiti wa gharama kubwa na uigaji rahisi, haki ya pekee yaweza kuwa sharti la uvumbuzi kutokea, palipo na hatua ndogo ndogo za mikono mingi, haki hiyo hiyo yaweza kuwafukuza walio wengi kwa faida ya mmoja.

Kipimo kwa nchi zetu

Mkataba ule wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi mwaka 1995, uliziwekea nchi wanachama zote kiwango kimoja cha miaka 20 tangu siku ya maombi, iwe kwa dawa, pampu, au sehemu ya simu, bila ya kujali tofauti tuliyoiona. Nchi zenye maendeleo duni, miongoni mwake Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zimeruhusiwa kuahirisha hataza za dawa hadi 2033. Kenya haimo katika orodha hiyo. Muhula huo ni nafasi ya kujenga viwanda vya dawa, nao hauna faida kwa nchi itakayouacha upite ikiendelea kuagiza kila kidonge.

Yapo pia mambo mawili ambayo mafundi wetu wengi hawayajui, nayo yangewafaa. La kwanza ni kwamba hataza hufanya kazi katika nchi ilimosajiliwa tu: iliyotolewa London au Tokyo haimzuii fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kutengeneza kitu hicho na kukiuza hapa, maadamu mwenyewe hakuja kuisajili BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania, au kuiombea kinga ya Tanzania kwa njia ya ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, ila akikipeleka kukiuza nchi ambayo hataza hiyo ina nguvu, atakuwa amevunja sheria ya huko. La pili ni kwamba maandishi ya hataza zote, zilizo hai na zilizokwisha, yamewekwa wazi kwa kila mtu, pamoja na michoro yake, na leo mengi yake husomeka bure katika intaneti. Humo zimo pampu za maji, mashine za kukoboa na kukamua, na majiko yasiyo na idadi, ambayo muda wake umekwisha na hayana tena bwana. Ofisi zetu za hataza, zilizozoea kungoja waombaji, zingefanya kazi kubwa zaidi kama zingeteua michoro hiyo, kuieleza kwa Kiswahili fasaha, na kuisambaza katika vyuo vya ufundi.

Na zinapoketi kutoa hataza mpya, zinayo mambo matatu ya kuyashika: zikatae dai lililoandikwa kwa upana wa kufunika kanuni nzima badala ya chombo, zidai maelezo ambayo fundi wa kweli anaweza kuyafuata, na sheria iwe na njia fupi ya kumpa idhini, kwa malipo ya haki, mtu aliyeleta marekebisho makubwa juu ya kazi ya mwenye hataza asiyetaka kusikilizana naye. Wengi wa wanaoomba hataza katika ofisi za Afrika ni makampuni ya nje, na kwa sababu hiyo mvumbuzi wa Afrika ya Mashariki, akichukua chombo cha ugenini akakirekebisha kifae udongo wetu, umeme wetu na mifuko yetu, karibu kila mara ni mvumbuzi wa pili. Sheria ya hataza ya nchi zetu yapasa kuandikwa na kutafsiriwa kutoka mahali alipokaa yeye.